Nani Amechafua Mto? Tuuache Mto Wenyewe Utoe Ushahidi

Katika nchi yetu, mto ukikauka au ukichafuka, mshitakiwa hutajwa kabla uchunguzi haujaanza. Usangu alitajwa mfugaji. Katika Mto Mara, mwaka 2022, alitajwa ng'ombe mwenyewe. Katika nyanda za Njombe hutajwa mkulima wa kinyungu, mama mwenye jembe la mkono na matuta machache ya maharage bondeni. Sisemi kwamba wote hawa hawana hatia. Nasema kwamba mara nyingi hatujui, na kwamba kutojua huku kumegeuka kuwa njia ya kutawala. Pasipo na kipimo, neno la mwenye cheo ndilo huwa kipimo.

Makala hii inadai kwamba kisingizio cha kutojua kimekwisha muda wake. Ipo elimu inayoweza kuyasoma maji na kutuambia ni viumbe gani wanaishi humo, ni wepi wametoweka, na uchafu uliomo umetoka katika matumbo ya nani. Ni elimu ya vinasaba, yaani DNA. Imekwisha kutumika katika maziwa yetu, katika mashamba yetu ya mihogo na katika vijito vya jirani zetu wa Kenya. Kama haijafika kwenye vijito vya Wanging'ombe, sababu si ugumu wake peke yake. Kuna watu ambao mto usiopimwa unawafaa.

Nianze na mahali penyewe. Igwachanya ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Wanging'ombe, katika mkoa wa Njombe ulioanzishwa mwaka 2012. Juu yake kuna safu ya milima ya Kipengere. Chini yake ardhi inateremka kuelekea bonde la Usangu. Vijiji vingi vya ukanda wa chini vinategemea maji ya mserereko, maji yanayoteremka kwa mabomba kutoka vyanzo vya milimani bila pampu wala umeme. Yale yasiyoingia katika mabomba huendelea na safari yake: Usangu, kinamasi cha Ihefu, Ruaha Mkuu, Mtera, Kidatu, na hatimaye Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Kwa hiyo kijito kinachopita nyuma ya nyumba ya mtu wa Igwachanya si mali ya kijiji peke yake. Taifa zima linakunywa, linakula na linawasha taa kutokana na vijito vya namna hiyo.

Kando ya vijito hivyo kuna vinyungu, bustani za mabondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki baada ya mvua. Kinyungu ndicho kinachompatia mwananchi mahindi mabichi, mboga na fedha ya sare za shule katika miezi ambayo shamba la mlimani limelala. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya eneo hilo. Lengo la sheria hiyo ni jema na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na namna inavyotekelezwa. Mita 60 hupimwa kwa kamba, na kamba haipandi mlima. Mkulima wa bondeni akiondolewa, hakuna anayeuliza kuhusu shamba kubwa la viazi mviringo lililo mteremkoni, linalopigwa dawa ya ukungu mara kwa mara tangu viazi vinapochipua hadi vinapokaribia kuvunwa. Hakuna anayeuliza kuhusu mashamba ya miti ya biashara, wala kuhusu mashimo ya vyoo ya mji unaokua. Mvua ya kwanza huvikusanya vyote na kuvishusha katika kijito kimoja, ambako anayeonekana amesimama na jembe ni yule yule mama.

Je, kinyungu chake kimeuharibu mto kuliko dawa ya viazi? Kinawezekana. Je, hakikuuharibu kabisa? Nalo linawezekana. Swali hili lina jibu, na jibu lake halipatikani kwenye mkutano wa hadhara.

Mtumishi wa maji atanijibu kwamba tunapima. Ni kweli. Maabara za ubora wa maji zinapima uchachu, tope, chumvichumvi na vijidudu vinavyoashiria kinyesi, na watumishi wake wanafanya kazi ya heshima kwa vifaa haba. Lakini vipimo hivyo viliundwa kujibu swali moja: je, maji haya yanafaa kunywewa leo? Swali la pili, je, mto huu ni mzima, halijibiwi kwa chupa moja iliyochotwa Jumanne asubuhi. Dawa ya shambani hupita kijitoni kwa saa chache baada ya mvua, kisha huenda zake. Anayekuja kuchota keshokutwa huyakuta maji safi na kuandika ripoti safi. Kemia ya maji ni mpita njia. Viumbe ndio wenyeji: mabuu wa kereng'ende, wadudu wachanga wanaojishikiza chini ya mawe, kaa, konokono, viluwiluwi vya chura. Wamekaa humo kwa wiki, kwa miezi, wengine kwa zaidi ya mwaka. Yaliyopita usiku wameyaona, na baadhi yao yamewaua.

Jambo hili si geni kwa wanasayansi wetu. Mwaka 2015 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Lulu Kaaya, pamoja na wenzake wa Afrika Kusini, walichapisha mfumo wa kuipa mito ya Tanzania alama kwa kuangalia wadudu na viumbe wadogo wa majini. Mfumo huo unaitwa TARISS. Mtu anaingia kijitoni na kimia, anakusanya viumbe, anawatambua kwa familia zao, kisha anajumlisha alama. Familia zisizostahimili uchafu zina alama kubwa. Zile zinazostahimili chochote zina alama ndogo. Kijito kikibaki na wale wa alama ndogo tu, kuna jambo. Huu ni urithi wetu wa kitaalamu, na unahitaji kimia, sinia jeupe na mtu aliyefundishwa.

Kikwazo ni huyo mtu aliyefundishwa. Wataalamu wanaoweza kutazama mdudu wa milimita tano na kumtaja ni wachache mno, na mito ni mingi. Isitoshe, mabuu wa spishi mbili tofauti huweza kufanana kabisa kwa macho, huku mmoja akistahimili dawa na mwingine akifa nayo. Hapa ndipo vinasaba vinapoingia.

Kila kiumbe anayeishi majini huacha humo chembe zake: ute, magamba, kinyesi, mayai, ngozi iliyochunika. Katika chembe hizo mna vinasaba. Mchukua sampuli huyapitisha maji, tuseme lita moja au mbili, katika chujio laini sana kwa kutumia bomba la sindano au pampu ndogo, kisha hulihifadhi chujio lile lisioze na kulipeleka maabara. Huko vinasaba hutolewa, kipande kilichochaguliwa huzidishwa mara mamilioni, mpangilio wake husomwa kwa mashine, na kila mpangilio hulinganishwa na maktaba ya mipangilio inayojulikana. Kwa wanyama, kipande kinachotumika zaidi ni cha jeni moja, chenye urefu wa takribani herufi 658, ambacho Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walikipendekeza mwaka 2003 kiwe alama ya utambulisho wa spishi. Mwaka 2008 watafiti nchini Ufaransa walionyesha kwamba maji ya bwawa peke yake yanatosha kufichua uwepo wa chura mgeni kutoka Marekani, bila kumwona chura mwenyewe. Kufikia mwaka 2014 mamlaka ya uhifadhi ya Uingereza ilikuwa imekubali maji ya bwawa kuwa ushahidi wa uwepo wa mjusi-maji mmoja anayelindwa na sheria. Tangu hapo mwenye kiwanja anayetaka kujenga anaweza kujua kwa chupa ya maji kama sheria inamgusa.

Msomaji asidhani ninahubiri habari za Ulaya. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, ambao ulitafuta vinasaba vya vimelea vya kichocho ndani ya maji yenyewe badala ya kukamata konokono mmoja mmoja. Vilipatikana hata mahali ambapo konokono hawakutoa dalili yoyote. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio la namna hii katika Ziwa Tanganyika, lenye samaki wa aina nyingi kiasi kwamba hata mvuvi mzoefu huchanganyikiwa. Na kwa anayesema mashine za kusoma vinasaba ni za majumba ya vioo, nakumbusha kazi iliyochapishwa mwaka 2019 na watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda pamoja na wenzao wa nje, miongoni mwao Joseph Ndunguru wa Mikocheni. Walibeba mashine inayoshikika mkononi hadi kwenye shamba la mhogo, wakasoma vinasaba vya virusi chini ya mti, wakampa mkulima jibu papo hapo. Kama muhogo wa mkulima umesomewa vinasaba shambani, kwa nini kijito chake kisisomwe?

Sasa turudi Mara. Machi 2022 maji ya mto huo yaligeuka meusi na samaki wakafa kwa wingi. Kamati ya kitaifa chini ya Profesa Samwel Manyele ikachunguza na kutangaza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, vitu vilivyopunguza oksijeni majini. Taifa likacheka, kisha likakasirika. Wengi hawakuamini; wakanyooshea kidole migodi. Mimi sina ushahidi wa kuipinga kamati wala wa kuishitaki migodi. Ninachouliza ni hiki: kwa nini mabishano yale yalibaki kuwa mabishano ya imani, huku wengine wakiiamini kamati na wengine wakiamini uvumi?

Tangu mwaka 2000, watafiti wa Oregon, Marekani, walipoonyesha kwamba bakteria wa utumbo wa ng'ombe na wale wa utumbo wa binadamu hutofautiana kwa vinasaba, kumekuwapo vipimo vinavyoweza kuyauliza maji: kinyesi hiki ni cha nani? Cha ng'ombe? Cha binadamu? Cha nguruwe? Kipimo hicho kisingetuambia kama kuna sianidi. Hiyo ni kazi ya mkemia. Lakini kingeweza kuithibitisha sehemu ya jibu la kamati au kuitilia shaka, kwa namna ambayo mtu mwingine angeweza kuirudia na kuihakiki. Na kama kungekuwapo na kumbukumbu ya viumbe wa mto huo kwa miaka kumi kabla ya tukio, tungejua kama mto uliugua ghafla wiki ile au ulikuwa mgonjwa siku nyingi tukiutazama. Nchi hii ina Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo raia huiendea ili kujua baba wa mtoto. Bunge lilitunga sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu mwaka 2009. Dola inayoweza kumtambua mwenye mtoto inaweza kumtambua mwenye kinyesi, ikitaka.

Katika bonde letu gharama ya kuhukumu bila ushahidi tumekwisha kuiona. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 ikaanza operesheni ya kuwahamisha wafugaji na mifugo yao kutoka Usangu, kwa maelezo kwamba wao ndio walioukausha. Wakati huo utafiti uliofanyika katika bonde lenyewe ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba sababu kubwa ilikuwa maji yanayochepushwa kiangazi kwenda kwenye mifereji ya mashamba. Wafugaji waliondoka na ng'ombe wao, na mto uliendelea kukatika. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: familia hizo zililipa deni ambalo, kwa sehemu kubwa, halikuwa lao.

Nakiri kwamba suala la Usangu lilihusu wingi wa maji, na vinasaba havipimi wingi wa maji. Lakini funzo lake ni la jumla. Mahali ambapo hakuna rekodi iliyo wazi, inayokubaliwa na pande zote, lawama hushuka kama maji yenyewe, kutoka juu kwenda chini, na hutuama kwa aliye chini kabisa. Nyanda za Wanging'ombe zinaelekea huko huko. Leo ni kinyungu. Kesho atakuwa mchunga mbuzi. Keshokutwa, mchimba choo.

Bonde hili hili la Rufiji lina funzo jingine. Chura mdogo wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, wakati mradi wa umeme kwenye maporomoko yake ulikuwa umekwisha kuanza. Maji yalipochepushwa mwaka 2000, ukungu wa maporomoko uliomlea ulipungua; miaka michache baadaye, baada ya ugonjwa wa kuvu kuonekana miongoni mwa vyura hao, wakatoweka porini. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka katika makazi yake ya asili, akabaki katika vizimba vya utafiti na hifadhi za wanyama. Tulimjua tukiwa tumekwisha kumhukumu. Ni viumbe wangapi wa vijito vya Kipengere ambao hatujawahi hata kuwapa jina?

Zipo hoja za kupinga, na mwanafunzi makini anapaswa kuzipa uzito wake.

Hoja ya kwanza husema kwamba hii ni anasa: vijiji havina maji ya bomba, wewe unazungumzia vinasaba vya wadudu. Lakini Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 yenyewe imeweka mahitaji ya msingi ya binadamu kuwa kipaumbele cha kwanza na mahitaji ya mazingira kuwa cha pili, mbele ya kilimo cha umwagiliaji, mbele ya viwanda, mbele ya umeme. Waliofanya hivyo hawakuwa wapenda wadudu. Walijua kwamba bomba la mserereko ni refu kama afya ya chanzo chake. Mradi wa mabilioni uliojengwa juu ya chanzo kinachokufa ni nyumba iliyojengwa juu ya kichuguu. Na katika bajeti ya mradi kama huo, kuuchunguza mto mara mbili kwa mwaka si kitu cha kumfilisi mtu.

Hoja ya pili husema vipimo vya vinasaba hukosea. Ni kweli, hukosea. Vinasaba husafiri na maji, hivyo kiumbe aliyegunduliwa kijijini anaweza kuwa anaishi kilomita kadhaa juu. Havitofautishi kwa urahisi aliye hai na aliyekufa, wala havihesabu idadi kwa uhakika. Sampuli ikishikwa kwa mikono michafu huleta habari za uongo. Tunakumbuka Mei 2020, mkuu wa nchi alipotangaza kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilizopelekwa kwa siri katika maabara ya taifa zilionekana kuwa na korona. Yeyote aliyekuwa sahihi katika sakata lile, somo lake si kwamba tuache kupima. Somo ni kwamba kipimo huaminika kikiwa na taratibu zake za kujihakiki: chujio lililopitishiwa maji safi kama shahidi wa pembeni, sampuli zaidi ya moja kwa kila kituo, maabara mbili badala ya moja, na kimia cha TARISS kikitembea sambamba na chupa ya vinasaba. Shahidi mmoja anaweza kusema uongo. Mashahidi wawili wasiojuana wakikubaliana, hakimu hutulia.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na haitoki serikalini. Inatoka kwa wanaharakati: je, kipimo hiki hakitageuzwa kuwa rungu jipya? Wakikuta kinyesi cha binadamu kijitoni, hawatakuja kuwatoza faini wasio na vyoo bora? Wakimkuta mdudu adimu, hawatapanua mipaka ya hifadhi na kuhamisha vijiji? Hofu hii ni halali, na historia inaihalalisha. Jibu langu ni kwamba rungu hilo lipo tayari, na kwa sasa linapiga gizani. Ushahidi ulio wazi unaweza kumpata mkulima mdogo na hatia, ndiyo; lakini ni ushahidi huo huo tu unaoweza kumsafisha, na ni huo tu unaoweza kupanda mlima hadi kwenye shamba la mwenye nguvu. Ndiyo maana sidai vipimo peke yake. Nadai vipimo pamoja na haki ya kuvijua na kuvipinga.

Haki hiyo imo katika sheria. Sheria ya Mazingira ya 2004 inatambua haki ya kila mtu kupata taarifa za mazingira, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ilitungwa mwaka 2016. Hata hivyo tunajua pia kwamba mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa hivi kwamba kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali kukawa hatari kisheria, hadi ilipolegezwa mwaka 2019. Nchi iliyowahi kuogopa takwimu za raia wake haina budi kujifunza upya kusikilizana kwa tarakimu. Mto ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kuna pia suala la mamlaka yetu wenyewe juu ya elimu hii. Mashine husoma mpangilio, lakini jina hutoka katika maktaba. Viumbe wa mito ya Ulaya wamo kwa wingi katika maktaba hizo. Wa Kipengere ni wachache. Sampuli ya kijito cha Wanging'ombe ikisomwa leo, sehemu kubwa ya mipangilio itarudi ikiwa haina jina, kana kwamba viumbe wetu ni wahamiaji wasio na vitambulisho katika nchi yao wenyewe. Njia ya mkato ni kuzipeleka chupa nje, kusubiri ripoti kwa Kiingereza, na kuwaachia wengine mipangilio. Tumekwisha kufanya hivyo na mifupa, na vinyago, na mbegu. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inazungumzia kugawana faida zitokanazo na rasilimali za kijenetiki, na mwaka 2024 mkutano wa bioanuwai uliofanyika Cali, Kolombia, uliridhia mfuko wa faida zitokanazo na taarifa za vinasaba zilizohifadhiwa kidijitali. Lakini hakuna mfuko utakaomfidia asiyejua alichokuwa nacho. Wataalamu tunao. Watafiti wa TAFIRI na wenzao, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2019, walionyesha jinsi sato na perege wageni walivyoenea katika mabonde ya nchi kutokana na kupandikizwa kwa makusudi kwa miongo mingi. Wageni hao huzaana na perege wetu wa asili, na machotara wao vinasaba huwatambua pale ambapo jicho hushindwa. Kazi ya namna hiyo ifanywe kwa wadudu, kwa kaa na kwa vyura wa nyanda za juu, na vielelezo vyake vibaki katika makabati ya vyuo vyetu.

Kwa hiyo nadai mambo manne, na nayaelekeza kwa wenye majina ya ofisi zao.

Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, iteue vituo vya kudumu katika vijito vya Wanging'ombe: juu ya mashamba yote, katikati ya mashamba, chini ya vinyungu, na chini ya mji. Kila kituo kipimwe mwishoni mwa mvua na mwishoni mwa kiangazi, kwa kimia na kwa vinasaba pamoja. Bila kituo cha juu, matokeo ya kituo cha chini ni uchongezi.

Vyuo vyetu vikuu na TAFIRI vijenge maktaba ya vinasaba ya viumbe wa majini wa nyanda za juu kusini, na kazi hiyo iwashirikishe vijana wa sekondari za wilaya katika kukusanya, na wazee wa Kibena katika kutaja majina. Mwanafunzi wa Igwachanya aliyewahi kugeuza jiwe la mtoni na kumwona anayeishi chini yake hatahitaji kuhubiriwa mazingira.

RUWASA na vyombo vya watumia maji vya jamii vihakikishe kwamba matokeo yanasomwa kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kijiji na kubandikwa ubaoni, yakiwa na jina la kituo, tarehe na alama. Ripoti inayoishia Dodoma haijamfikia mwenye mto.

Na mwisho, halmashauri na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira wasitoe amri ya kung'oa mazao au kumhamisha mtu kutoka bondeni kwa sababu ya uchafuzi, isipokuwa wametanguliza ushahidi wa kituo cha juu na cha chini, na mhusika amepewa nafasi ya kuupinga. Tunampa mwizi wa kuku haki ya kusikilizwa. Mkulima wa maharage hastahili pungufu.

Watumishi wa umma wanaonisoma watasema hawana agizo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imekwisha kuwapa wajibu wa kulinda mto pamoja na uhai uliomo. Wanachokisubiri ni ujasiri wa kuandika mstari mmoja katika bajeti ijayo. Wanafunzi nawaambia kwamba mada za utafiti mnazozitafuta Dar es Salaam na Morogoro zinapita chini ya madaraja ya Igwachanya. Wanaharakati nawaomba wasiogope sayansi kwa sababu tu imewahi kuvaa sare ya dola. Waivue sare hiyo, waishike, waiulize maswali ya watu wao.

Kiangazi kitafika, kijito kitapungua, na mtu atasimama jukwaani kumtaja mshitakiwa. Siku hiyo aulizwe jambo moja tu: kituo cha juu kimesema nini?